Mama Maabara na Viluwiluwi wa Mwisho

"Mkia ukianza kuisha, maji niongeze ama nipunguze?"

Aliniuliza hivyo tukiwa tumechuchumaa nyuma ya jiko lake, nje kidogo ya mji wa Rongo, mbele ya mabeseni matatu ya buluu yaliyojaa viluwiluwi. Nilikuwa nimemaliza shahada ya biolojia miezi michache tu kabla, na baba yangu alikuwa bado anawatajia wateja wake habari hiyo hata wakinunua kijiko. Sikujua jibu. Maisha yangu yote mimi ndiye niliyekuwa muulizaji. Nilimuuliza maalimu wa madrasa mpaka akaniomba nikakae nyuma. Nilimuuliza mhadhiri wa takwimu mpaka akaanza kuniita Bunge. Kuulizwa mimi, tena swali lenye majibu mawili tu ya kuchagua, na nisijue, lilikuwa jambo geni.

Shule nzima ilimwita Mama Maabara. Jina lake la kwenye vyeti nililiona mara moja tu, juu ya bahasha, na nadhani hata yeye mwenyewe ungemwita kwa jina hilo angechelewa kugeuka. Alikuwa msaidizi wa maabara katika shule ya wasichana niliyosoma, kazi aliyoianza kabla sijazaliwa na akastaafu nikiwa chuoni. Hakuwa mwalimu. Hilo alilisema mapema, kabla mtu hajamkosea kwa kumpandisha cheo. "Mimi ni mtu wa kuosha vyombo," alisema, na huku shingoni amening'iniza ufunguo wa kabati lenye sumu ya kutosha tarafa nzima.

Mimi na yeye tulizungumza Kiswahili kwa sababu ya baba yangu. Baba alikuja Rongo kutoka Isiolo kuuza vyombo vya plastiki na hakuondoka tena, lakini Kidholuo chetu cha nyumbani kilibaki kile cha dukani: bei, salamu na matusi machache. Mama Maabara aliniita nyara, yaani binti yangu, kisha akaendelea na Kiswahili chake kisichojali ngeli, kilichonyooka kuliko changu. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alitembea akiwa ameweka mikono mbele kidogo, kama mtu aliyebeba trei ya vioo hata pale asipobeba chochote. Sokoni watu walimpisha bila kujua kwa nini.

Hakuwa na uwezo wa kunusa. Miaka ya fomalini ilikuwa imeimaliza pua yake. Nyumbani aliunguza ugali bila kujua, na kila asubuhi alimpelekea mke wa mwanawe kikombe cha maziwa: "Ninusie." Shuleni kazi hiyo ilikuwa yangu. Sijui kwa nini alinichagua. Labda kwa sababu nilikuwa nabaki maabara baada ya wenzangu kutoka, nikisoma lebo za chupa na kuuliza hii ni ya nini, na hii, na kwa nini hii ina fuvu la kichwa na ile haina. Alinijibu nusu tu ya maswali. "Kwa nini ni ya walimu," alisema. "Mimi niko na lini na ngapi."

Na kweli, lini na ngapi alikuwa nazo. Alijua mayai ya chura yanaonekana siku ya ngapi baada ya mvua ya kwanza. Alijua pamba ya klorofomu inachukua dakika ngapi kwa chura mkubwa na ngapi kwa mdogo. Siku ya somo la kupasua, alikuwa ameshashuka kwenye kinamasi kilichokuwa chini ya boma lake kabla jua halijatoka, amevaa buti za mpira za marehemu mumewe, na alifika shuleni na ndoo iliyofunikwa gunia. Ndani kulikuwa na vyura wenye miguu mirefu na mstari wa kijani mgongoni. Aliwaweka kwenye chupa kubwa wawili wawili, akakaa nao mwenyewe akitazama saa ya ukutani. Wasichana waliolia hawakumsumbua. "Lia ukiwa unaandika," aliwaambia. "Mtihani haungoji."

Lakini mwanamke huyohuyo hakuweza kuona kuku akichinjwa. Wageni wakija, alimwachia mke wa mwanawe kisu na kutoka mpaka barabarani, akasimama huko akijifanya anaangalia nani anapita, arudi akute mchuzi. Nilimuuliza tofauti iko wapi.

"Kuku ananijua," alisema.

Kuna jambo moja alilolifanya nikiwa kidato cha tatu ambalo nimelifikiria mara nyingi zaidi kuliko ninavyopenda. Tulikuwa na mwalimu mgeni, kijana mwenye haraka. Alituonyesha ndani ya chura na kusema hii hapa ni figo, akachomeka pini yenye kibendera cha karatasi. Haikuwa figo, ilikuwa wengu. Mama Maabara alikuwa nyuma ya darasa akikausha mikasi. Mwalimu alipogeuka kuandika ubaoni, alikuja taratibu mpaka kwenye meza ya mbele, akaichomoa pini, akaichomeka mahali pake, na kurudi kwenye mikasi yake. Darasa zima lilimwona. Mwalimu alipogeuka alitazama, akakohoa, akasema, "Kama nilivyosema," na somo likaendelea.

Nilimfuata baadaye. "Kwa nini hukumwambia?"

"Mbele ya watoto?" Alinitazama kana kwamba nimependekeza avue nguo. "Mwalimu akisema, amesema. Mimi nasogeza tu."

Niliona huo ni woga na nikamwambia. Hakukasirika. Aliniambia nioshe mikono, nilikuwa nimeshika fomalini.

Alikuwa Msabato wa kweli, wa kupika Ijumaa na kutowasha moto Jumamosi, na alinipa karatasi za dini ambazo nilizisoma zote na kumrudishia nikiwa nimeandika maswali pembeni. Alizichukua na wiki iliyofuata akanipa nyingine. Baada ya kustaafu, alipoanza mambo ya mabeseni, Sabato yake ilipata ufa. Jumamosi moja nilimkuta na ndoo mkononi, na mke wa mwanawe, mwanamke mcheshi anayesuka nywele mjini, ameegemea mlango wa jiko akimcheka.

"Mama, leo ni Sabato na uko na ndoo."

"Ng'ombe akianguka kwa shimo leo, utamwacha mpaka kesho?"

"Hawa ni ng'ombe?"

"Wako kwa shimo."

Mabeseni yalitoka dukani kwetu. Baba alidhani ni ya kufulia.

Sababu ya mabeseni ilikuwa kinamasi. Upande ule wa ardhi ulikuwa wa shemeji yake, na shemeji aliuuza kwa wachoma matofali. Wachimbaji walikata mfereji wa kutoa maji, halafu wakaanza kukata udongo wenyewe, na kila wiki ukingo wa shimo ulisogea hatua kadhaa kuelekea boma. Siku alipogundua kwamba maji yote yamebaki kwenye alama za kwato za ng'ombe tu, na kwamba ndani ya alama hizo kunaelea mayai, alirudi nyumbani akachukua chujio la chai. Alichota kwato kwa kwato, asubuhi nzima, huku wachimbaji wakimuuliza kama ni supu.

Nilipofika kwa mara ya kwanza aliniomba nimnusie maji. Kila siku ya pili au ya tatu ilibidi mtu mwenye pua aseme kama yanaanza kuoza, kwa sababu viluwiluwi walikula sukuma wiki iliyochemshwa na kupondwa, na mabaki yake yakikaa yanaharibu kila kitu. Niliinama, nikanusa, nikasema bado. Kisha nikaanza kuuliza, kama kawaida yangu. Kenya ina vyura wangapi? Kuna haja gani? Hawa si wa aina adimu.

"Hapa je?" aliuliza.

"Hapa unamaanisha wapi?"

Alionyesha kwa kidevu, kuanzia jikoni mpaka kwenye shimo la matofali. Tangu alipoolewa, alisema, alilala na sauti yao na kuamka na sauti yao. Msimu ule ulikuwa wa kwanza kimya. Kule Magunga, kwa kaka yake, kulikuwa na bwawa la kunyweshea ng'ombe ambalo hakuna mtu angelichimba matofali. Alitaka awalee mpaka wawe na miguu, mkia uishe, wapande nchi kavu, kisha awabebe mwenyewe mpaka huko. "Wakiisha hawa," alisema, "hakuna wengine wa hapa. Sina pa kuchota tena."

Nilimuuliza kama anafanya hivyo kwa sababu ya wale wote aliowaua shuleni. Hapo ndipo nilipomwona amekasirika, mara moja ile tu.

"Mimi nilichukua ishirini, thelathini kwa muhula, na mvua ikirudi wanaimba. Jembe linachukua thelathini?"

Lakini siku nyingine, akikata sukuma, alisema bila kuulizwa, "Wale wa mtihani walikuwa wazuri zaidi. Nilikuwa nachagua wenye afya." Akaendelea kukata.

Wiki zilivyopita nilianza kwenda bila kuitwa. Sikuwa na kazi. Nilikuwa nimepeleka barua kila mahali na hakuna aliyenijibu, hata kwa kukataa. Nyuma ya lile jiko angalau kulikuwa na kitu kilichokuwa kikibadilika. Miguu ya nyuma ilichomoza kwanza, kama nyuzi. Mabeseni yalifunikwa na chandarua kwa sababu ya kuku, na tulikuwa tunakiinua pembeni, vichwa viwili pamoja, tukitazama. Alikuwa na glasi ya kukuza aliyopewa siku ya kuagwa, zawadi pekee, alisema, ambayo haikuwa blanketi. Asubuhi moja mkono wa mbele wa mmoja wao ulikuwa umetoboa ngozi, kiwiko kwanza. Alinipa glasi, akanisogezea beseni.

Siku mbili baadaye wengi walikuwa na mikono. Mikia ilianza kuwa mifupi. Waliacha kula. Walipanda juu ya maji, wakafungua vinywa hewani, wakashuka, wakapanda tena. Ndipo alipouliza lile swali.

Ningeweza kusema sijui. Ni neno moja, na nililipenda sana likitoka kwa wengine. Nilikuwa nawaambia wahadhiri kwamba mtu msomi ni yule anayeweza kulisema. Lakini alikuwa amenigeukia kwa namna ambayo hakuwahi kunigeukia, ameshika magoti yake, amenyamaza, kama wasichana tulivyonyamaza mbele ya ubao. Nikatazama vinywa vile vinavyotafuta hewa na nikafikiri kwa sauti. Jua ni kali, nikasema. Maji kidogo hupata joto haraka, na maji ya moto hayashiki oksijeni. Ndiyo maana wanapanda juu, wanakosa hewa humo ndani.

"Ongeza," nikasema. "Jaza mpaka karibu na mdomo wa beseni."

Alitupia macho kando ya ukuta. "Ni hivyo walisema huko chuo?"

"Ndiyo."

Chuo hakikuwahi kusema chochote kuhusu jambo hilo. Mama Maabara aliitikia kwa kichwa, akainuka kwa kushika ukuta, na akaenda kutafuta ndoo. Nilimsaidia kubeba. Tulijaza yote matatu, tukarudisha chandarua, na nikaenda nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nimalize masomo.

Siku ya tatu mke wa mwanawe alinipigia simu. "Mama anasema uje unuse."

Niliipata harufu kabla sijafika jikoni. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda, na chandarua kilikuwa kimeondolewa. Walikuwa wanaelea, mikono imetanuliwa, vyura kamili wadogo kama ukucha wa kidole gumba, kila mmoja na kipande kidogo cha mkia kilichobaki. Mstari wa kijani mgongoni ulikuwa umeshatokea. Wachache walikuwa bado wanasogea. Tuliwatoa kwa chujio na kuwalaza kwenye jani la mgomba, na hatukuwa na kitu kingine cha kuwafanyia. Alipiga magoti akawapulizia, polepole, mmoja mmoja, kama mtu anayewasha moto kwa kuni mbichi. Wawili walifika adhuhuri. Halafu nao wakanyamaza.

"Walikuwa tayari," alisema. Alimweka mmoja kwenye kiganja na kumsogezea glasi. "Angalia. Vinne mbele, vitano nyuma. Hakuna kidole imekosa."

"Ni nini kimewaua?" nikauliza.

"Wewe si ndiye wa kwa nini?"

Hakusema kwa ubaya. Nilianza kutaja: dawa za kunyunyizia miwa, kutu ya mabati, ugonjwa wa ngozi. Nilitaja mengi. Alisikiliza yote, kisha akayamwaga mabeseni kwenye mashina ya migomba, akayaosha kwa mchanga, akayaegemeza ukutani yakauke. Mke wa mwanawe hakucheka siku hiyo, wala hakunitazama.

Jibu nililipata mwezi ule ule, kwa ujumbe wa simu kutoka kwa mhadhiri wa elimu ya wanyama niliyekuwa nikimsumbua. Aliandika mistari miwili. Mkia ukiisha, matamvua ya kupumulia majini hufunga na chura huanza kuvuta hewa kwa mapafu. Asipopata mahali pa kupanda, hufa maji. Nilisoma nikiwa dukani, nimesimama kati ya ndoo na mabeseni, na baba akaniuliza kama ni barua ya kazi.

Sikwenda kumwambia. Nilijiambia nitakwenda kesho. Wakati huo miguu yake ilianza kuvimba, na kaka yake akaja kumchukua kumpeleka Magunga ili awe karibu na watu wa kumhudumia wakati wa mchana. Ilinichukua miezi mitano kumfuata huko.

Nilimkuta nje ya nyumba ya kaka yake, kwenye kiti cha plastiki, miguu juu ya kingine. Kutoka pale unaona vilima vya hifadhi ya Ruma, na chini kidogo lile bwawa la ng'ombe, la rangi ya chai ya maziwa. Alikuwa amepungua mwili. Mikono yake, isiyo na kitu cha kubeba, ilikuwa imelala mapajani.

"Nyara. Umekonda."

"Wewe ndiye umekonda, Mama."

"Mimi ni mgonjwa. Wewe una sababu gani?"

Nilikuwa nimebeba sukari na mkate, na nimebeba maneno niliyoyapanga. Yaliyopangwa yalinipotea, kwa hiyo nilisema tu. Nilisema walikufa maji. Nilisema ilikuwa tupunguze, si tuongeze. Kwamba sikujua, na kwamba chuo hakikusema. Nilisema nimelijua jambo hili muda mrefu na sikuja.

Alitazama bwawa. Ng'ombe wawili walikuwa wameingia mpaka magotini.

"Kwa nini hukunipinga?" nikamuuliza. Hata pale, nilikuwa nauliza.

"Ningepinga na nini?" Alitabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. "Mimi ningejua wapi hayo, nyara? Mimi nilikuwa naosha vyombo tu."

Nilimwamini. Nakiri kwamba nilipata hata nafuu, kwa sababu tulikuwa wawili katika kutojua. Aliniuliza kama nimepata kazi, nikasema bado, akasema nitapata. Aliniuliza habari za baba. Kisha usingizi ukamchukua palepale kitini, nami nikakaa nikimfukuzia nzi mpaka kaka yake aliporudi. Sikumwona tena. Alizikwa Rongo, upande wa juu wa boma, mbali na shimo.

Zaidi ya mwaka ulikuwa umepita siku mke wa mwanawe alipokuja dukani kununua beseni la kuoshea nywele za wateja. Aliligeuzageuza, akaligonga chini kwa kidole, akasema haya mapya ni membamba, lile la Mama la mwaka wa kwanza lilikuwa gumu. Nikamuuliza mwaka wa kwanza upi. Akanishangaa. Hukujua? Mwaka mmoja kabla ya mimi kuitwa, alisema, Mama alikuwa amelea vyura wengine kwa kujaribu, beseni moja tu. Mikia ilipoanza kuisha aliinamisha beseni kwa tofali, akapunguza maji mpaka yakabaki upande mmoja, na wakapanda wenyewe, wote, wakarukaruka mpaka kinamasini, kwa kuwa wakati huo kilikuwa bado kipo. Safari ya pili alikuwa ameshaandaa tofali tatu kando ya ukuta. Lakini alisema ya kwanza ilikuwa bahati tu. Hawa wa mwisho lazima wafanywe kwa elimu.

"Ile siku mlijaza maji, ulipoenda," alisema, "aliniambia nirudishe tofali jikoni. Nikamwambia, Mama, si utazihitaji? Akasema rudisha, mwalimu amesema."